Mistari Kumi na Minane ya Kituo cha Saba

Santa Aol aliyaogopa maji tangu akiwa na umri wa miaka tisa, na bado, kwa karibu miaka mitatu, kazi yake ilikuwa kusimama juu yake na kuyasoma.

Alizaliwa katika kambi ya polisi, baba yake akiwa konstebo kutoka Gulu, na kama watoto wengi wa kambini alikijua Kiswahili kabla hajaijua lugha nyingine yoyote ya Kampala. Siku moja mvua ilikuwa imetoka tu kukatika, dada yake Adoch akateleza katika mtaro uliopita nyuma ya nyumba za askari. Santa alikuwa amemshika mkono. Walimpata siku ya tatu. Santa hakuwahi kumsimulia mtu jinsi ule mkono ulivyochomoka. Alikua, akaolewa na Oyat, naye polisi, wakapanga nyumba Kyebando, na yeye ndiye aliyesisitiza wachukue ile iliyo juu mlimani ingawa ilikuwa na chumba kimoja pungufu. Bondeni kulikuwa na mtaro mkubwa, na masikio yake yaliusikia mtaro huo hata wakati wa kiangazi.

Watu wa chuo kikuu walipokuja kutafuta msomaji wa kipimo cha maji ya mtaro, walimuuliza mambo mawili tu: kama anaandika tarakimu zinazosomeka, na kama anaishi karibu na daraja. Akajibu ndiyo, mara mbili. Kama anaogopa, hawakuuliza.

Kipimo chenyewe kilikuwa bati refu lililochorwa mistari ya sentimita, limefungwa kwenye nguzo ya daraja la waenda kwa miguu. Wao walikiita kituo cha saba. Santa alikisoma asubuhi na jioni, akaandika daftarini. Mvua kubwa ikinyesha alitakiwa kwenda palepale na kusoma kila baada ya dakika kumi mpaka maji yashuke.

Kila Ijumaa Travis Omolo, Mkenya wa Kisumu aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta katika mradi huo, alikuja kulipiga picha daftari. Travis alipenda kueleza. Siku za mwanzo alikaa naye kando ya daraja, akamwonyesha kwenye simu yake bonde lote limekatwa vipande vidogo vya mraba kama karatasi ya hesabu.

"Kila mraba una urefu wake, Mama Docus," alisema. Docus alikuwa binti wa Santa, aliyekuwa amekwisha kuolewa. "Huu una mabati, huu una udongo, huu una lami. Tunamwaga mvua ya hesabu juu, kompyuta inauliza kila mraba: jirani yako yupi yuko chini yako? Maji yanaenda huko. Sekunde kwa sekunde."

"Kwa hiyo kompyuta inajua yote."

"Haijui kitu. Haijui mtaro umejaa takataka kiasi gani, haijui maji yanakwama wapi. Hayo tunabahatisha. Halafu tunalinganisha na daftari lako. Kama maji ya kompyuta hayapandi kama yako, tunabadilisha tulichobahatisha mpaka yafanane. Hiyo ndiyo modeli. Wewe ndiye macho yake."

Santa alicheka siku hiyo. Baadaye maneno hayo yalimrudia.

Ilikuwa Novemba, saa nane mchana. Wingu lilitokea upande wa Lubaga, jeusi, likaja kwa kasi. Santa alivaa koti la mvua, akateremka na daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Usomaji wa kwanza ulikuwa sentimita sitini na mbili. Wa pili, tisini na nne. Kisha maji yakabadilika rangi na sauti. Mlango mzima wenye kitasa chake ulipita ukielea. Daraja likaanza kutetemeka chini ya miguu yake. Halafu katika yale maji ya kahawia akaona kitu chembamba, chenye weupe, kikiinuka na kuzama, kikiinuka na kuzama. Huenda kilikuwa shina la mgomba. Yeye aliona mkono.

Alikimbia. Hakukumbuka jinsi alivyopanda mlima. Alifunga mlango, akakaa sakafuni kati ya kitanda na ukuta, viganja masikioni, hadi mabati yaliponyamaza.

Aliporudi darajani jioni, maji yalikuwa kwenye mita moja na sentimita kumi, yanashuka. Santa akafungua daftari. Kulikuwa na mistari miwili juu, na mmoja aliouandika sasa hivi chini, na kati yake nafasi tupu ya saa tatu. Mistari kumi na minane ilikosekana. Alirudi nyumbani, akaketi dirishani, akaijaza yote kutoka kichwani. Aliipandisha taratibu hadi mita moja na themanini na tano, akaishusha taratibu. Mwandiko ulikuwa mzuri.

Ijumaa Travis alitazama ukurasa ule kwa muda mrefu.

"Ulisimama pale saa tatu zote?"

"Nilivaa koti," Santa akajibu.

Basi, ikapita hivyo. Hakuna aliyeuliza tena, na Santa naye akaanza kuamini kwamba haikuwa kitu.

Machi, kabla ya masika, mwenyekiti wa mtaa aliita mkutano katika ukumbi wa kanisa. Watu wa mradi walibandika ramani kubwa ukutani. Mstari mwekundu ulizunguka nyumba arobaini na moja ambazo zingehamishwa kabla ya mvua. Nje ya mstari, kwa upana wa njia ya miguu tu, ilikuwa shule ya chekechea ya Mwalimu Babra. Babra alikuwa ameifungua Februari ile, katika jengo alilolikuta tupu, na watoto thelathini na wanne wa miaka mitatu hadi mitano. Alipoona mstari umemkwepa alifumba macho akamshukuru Mungu.

"Tuna uhakika gani?" mtu mmoja aliuliza.

Travis alisimama. Akaeleza kwamba modeli imepimwa kwa mvua kubwa kuliko zote, ile ya Novemba, na kwamba vituo vingine viliyumbayumba lakini kituo cha saba kilikubaliana nayo karibu sawasawa. "Na hilo," alisema, "ni kwa sababu Mama Docus alisimama pale darajani wakati sisi wote tumejificha."

Watu waligeuka wakampigia makofi. Santa alijaribu kutabasamu. Alipotoka nje alishika ukuta wa kanisa akatapika.

Kesho yake alikwenda kwa Mzee Obwona, sajini mstaafu aliyepoteza mguu vitani, ambaye nyumba yake ilikuwa ya pili kutoka shule ya Babra. Alimkuta akiwakatia mbuzi wake majani.

"Mzee, ile mvua ya Novemba, maji yalifika wapi hapa kwako?"

Obwona alinyanyua fimbo yake akagusa ukuta, juu kidogo ya kiuno cha Santa. "Hapo. Mimi na mbuzi tulikaa juu ya meza. Pale darajani yalipita juu ya vyuma vya kushikia."

"Mbona hukusema mkutanoni?"

"Nani aliniuliza? Nilipoona wameniacha nje ya mstari wao, nikadhani wamejenga kitu huko juu cha kuyazuia. Watu wana kompyuta. Mimi nina mguu mmoja na Kiswahili cha jeshi."

Santa alikwenda darajani. Vyuma vya kushikia vilikuwa juu ya kipimo, karibu mita mbili na sentimita tisini. Kwenye maungio yake, mahali alipopita kila siku asubuhi na jioni kwa miezi minne, kulikuwa kumenasa vitambaa na nailoni zilizokauka pamoja na tope. Hakuwahi kuinua macho. Tofauti kati ya tope lile na daftari lake ilikuwa zaidi ya mita moja.

Jioni alimweleza mumewe. Oyat alikuwa ametoka zamu Mengo, anafungua kamba za buti. Akaacha kufungua.

"Umeandika kitu ambacho hukukiona, ukakitoa kama ulikiona," alisema polepole. "Hiyo ni kughushi, Santa. Mimi hukamata watu kwa hiyo."

"Nifanye nini?"

"Sijui." Alivua buti moja, akaishika mkononi muda mrefu. "Kaa kimya kwanza. Huenda mvua ya mwaka huu isiwe kubwa."

Alikaa kimya siku tatu. Kila wingu lililosimama juu ya Kyebando lilimtoa nje kutazama. Aliogopa kufungwa, aliogopa uso wa Travis, aliogopa watu waliompigia makofi. Na chini ya hofu hizo zote kulikuwa na nyingine isiyokuwa na maneno, ambayo ilimfanya ausugue mkono wake wa kulia kwenye nguo bila kujua.

Siku ya nne alipita karibu na shule ya Babra baada ya chakula cha mchana. Mlango ulikuwa wazi. Watoto walikuwa wamelala kwenye mikeka, sakafuni, wamepangwa safu mbili, nyayo zimeelekea mlangoni. Sakafu ile ilikuwa chini kuliko ukingo wa mtaro. Santa alijikuta anahesabu nyayo. Hakumaliza. Alisimamisha bodaboda akasema apelekwe chuo kikuu.

Ofisi ya mradi ilikuwa chumba kimoja chenye mbao zilizojaa hesabu. Haikuwa ya mafuriko pekee: meza moja ilikuwa ya kijana wa kike aliyekokotoa jinsi ugonjwa wa mihogo unavyosambaa shamba hadi shamba, nyingine ya watu wa malaria. Mkuu wao alikuwa Daktari Nanyama, mwanahisabati kutoka Mbale, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Travis alisimama kumpokea Santa kwa furaha, kisha akaona uso wake.

"Novemba sikusimama," Santa alisema akiwa bado mlangoni. "Niliogopa nikakimbia. Ile mistari kumi na minane niliitunga. Maji yalipita juu ya vyuma vya daraja. Watoto wa Babra wamelala chini ya maji hayo."

Travis alikaa. Rangi ya midomo yake ilikuwa imebadilika, na Santa akatambua kwamba naye anaogopa.

"Ripoti imeshapelekwa," Travis alisema. "Ramani imeshabandikwa. Daktari, jina langu liko juu yake."

Nanyama alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge. "Na langu." Akamgeukia Santa. "Kaa, mama. Kabla ya mafuriko nilikuwa na modeli ya kipindupindu. Zahanati moja kila wiki ilituletea sifuri. Tukafurahi, tukasema huko ugonjwa haujafika. Kumbe muuguzi alikuwa amehama na mlinzi ndiye aliyejaza fomu. Nilijiapia haitatokea tena." Alirudisha miwani usoni. "Umedanganya, na hilo tutalizungumza. Lakini hapa kuna watu wanne wenye shahada, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini gharika inapanda kwa utaratibu kama mtu anayepanda ngazi za benki. Tuliipenda kwa sababu ilikubaliana na sisi."

"Nitafungwa?"

"Sijui. Leo siyo siku ya hilo. Niambie vile vyuma vya daraja viko sentimita ngapi."

Walifanya kazi tangu saa tisa. Travis alifuta mistari kumi na minane akaweka alama mbili tu: tope la darajani na ukuta wa Obwona, ambao walimpigia simu mwenyekiti akaupime. Kompyuta ikabahatisha tena, ikalinganisha, ikabahatisha. Sasa hesabu ilisema mtaro unapitisha maji kidogo sana kuliko walivyodhani, kwamba mahali fulani chini ya daraja umezibwa. Jioni ilipoingia, ramani mpya ilitokea kwenye kioo. Rangi ya samawati ilivuka njia ya miguu, ikaifunika shule yote.

"Kina gani?" Nanyama aliuliza.

Travis alisogeza kidole. "Mita moja nukta mbili. Ndani ya dakika ishirini na tano tangu mtaro ujae."

Santa hakuwa amesoma hesabu za namna hiyo, lakini alijua urefu wa mtoto wa miaka minne.

Asubuhi yake walikwenda watatu kwa Mwalimu Babra. Babra aliwasikiliza akiwa amesimama mlangoni, mikono ameipanua kama anawazuia wasiingie.

"Juzi mlinionyesha mstari," alisema. "Wazazi wameniachia watoto kwa sababu ya mstari ule. Leo mnakuja na mwingine. Kesho mtaleta wa tatu?"

Travis alianza kueleza habari ya miraba. Babra hakumtazama. Santa aliona kwamba maelezo hayatafika popote, akapiga moyo konde.

"Mstari wa kwanza ni mimi niliyeupotosha," alisema. "Sikuwapo darajani. Niliandika uongo, wao wakauamini. Nitukane, lakini watoto watoke."

Babra hakumtukana. Alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgeni, "Mimi nilikupigia makofi." Kisha akaingia ndani akaanza kukunja mikeka.

Watoto walihamishiwa kwenye ukumbi wa kanisa, uliokuwa juu kidogo ya bonde. Mwenyekiti na askari wachache, Oyat akiwa miongoni mwao, walipita nyumba kwa nyumba na ramani mpya. Wengi walihama kwa manung'uniko. Mzee Obwona alikataa. Alisema meza yake ni imara.

Mvua ilikuja Alhamisi ya wiki hiyo, saa nne asubuhi, wakati ambao wazazi wote wako kazini. Santa alikuwa kanisani akimsaidia Babra, ambaye alikuwa hamsemeshi. Mabati yalipoanza kuunguruma watoto waliimba kwa sauti zaidi ili wajisikie. Santa akaenda dirishani, akajilazimisha kutazama. Mtaro ulijaa, ukavimba, ukamwagika. Maji yalivuka njia ya miguu bila haraka yoyote, yakaingia katika mlango wa shule kana kwamba yamealikwa. Baada ya muda dirisha la shule likavunjika kutoka ndani na kuanza kutapika viti vidogo vya rangi, kimoja kimoja.

Babra alikuja akasimama kando yake. Nyuma yao watoto walikuwa bado wanaimba, na Babra alikuwa akiwahesabu kwa midomo, bila sauti, akifika thelathini na nne na kuanza tena.

Oyat na mwenzake walimtoa Mzee Obwona kwa kamba, meza yake ikiwa imekwisha kuelea. Mbuzi walisombwa na maji. Na upande wa pili wa mtaro, nje hata ya mstari mpya, maji yaliingia katika nyumba nne ambazo hakuna mtu aliyezitazamia. Katika moja alikuwamo Annick, fundi cherehani Mkongo, aliyevutwa kupitia dirishani na majirani akiwa amekunywa maji mengi. Alipona. Travis, aliyekuwa amesimama mvua nzima kwenye ukingo wa juu akisoma kipimo kwa darubini, aliposikia habari za nyumba zile nne aliketi kwenye matope na hakunyanyuka kwa muda.

Suala la daftari halikupelekwa polisi. Nanyama aliandika ripoti ya pili na kueleza yote, bila kutaja jina, ila "msomaji wa kituo cha saba", na Kyebando nzima ilijua ni nani. Kuna waliomshukuru Santa na kuna mama mmoja wa sokoni ambaye hadi leo humpa kisogo. Kituo cha saba alikabidhiwa mwanamke mwingine, Ayoo, pamoja na kamera iliyofungwa juu ya nguzo. Santa alidhani mambo yake na mradi yameisha. Lakini baada ya wiki mbili Nanyama alimwita akamwambia anahitaji mtu wa kupita nyumba zote za bonde na kuwauliza wakazi maji yalifika wapi, mwaka gani, na kupima alama kwenye kuta. "Mtu," alisema, "anayejua uongo mdogo unakwenda umbali gani."

Ndiyo kazi yake sasa. Anatembea na utepe wa kupimia na chaki. Anachoandika humwonyesha mwenye nyumba, naye anatia sahihi. Lakini hofu haikumtoka. Imebadilisha sura tu. Zamani watu hawakumuuliza kitu. Sasa, kila anapomaliza kupima, mwenye nyumba humtazama usoni na kumuuliza kama hapo kwake pako salama.

Wiki iliyopita aliyemuuliza alikuwa Annick, ambaye amerudi katika chumba kilekile kwa sababu hana kwingine.

"Ile ramani ya sasa inasema nini juu yangu, Mama Docus?"

"Inasema maji yatafika magotini."

"Na wewe unasema nini?"

Santa alitazama nje. Upande wa Lubaga kulikuwa na wingu, si kubwa.

"Mimi sijui," alisema. "Shika upande huo."

Wakakiinua kile cherehani kizito wote wawili, wakakipandisha juu ya kabati, na Annick akatafuta kamba ya kukifungia.